Canon S95 au Panasonic LX5? Maswali ninayoulizwa Lamu na watu wanaotaka kamera ndogo ya zamani

Mimi hupiga picha za harusi upande wa wanawake, na siku zisizo na harusi napiga milango. Nilikaa na kamera hizi mbili kwa pamoja zaidi ya mwaka mzima, kwa hiyo kila msichana wa Langoni au Mkomani anayetaka "ile digitali ndogo ya zamani" huelekezwa kwangu. Maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa nipate kupika wali wangu bila kusimama mlangoni nusu saa.

## Mambo ya mwanzo

Dada, kwa nini hizi mbili na si nyingine?

Kwa sababu ndizo watu wanazoniletea. Zote zilitoka katikati ya mwaka 2010, zote zina megapikseli 10, zote zina lenzi inayoanzia f/2.0 (kipimo cha tundu la kupitishia mwanga), zote hukuruhusu kuchagua kila kitu kwa mkono au kuiachia kamera ifanye yenyewe, na zote huhifadhi picha za RAW, yaani ghafi, kwa anayetaka kuzirekebisha baadaye. Zilipokuwa mpya zilishindania mteja mmoja: mtu anayejua kupiga picha lakini hataki kubeba kamera kubwa. Ukizikuta leo mtumbani, bado zinashindana vilevile.

Zinatofautiana wapi hasa?

S95 ni ndogo na nyepesi, gramu 195 hivi pamoja na betri. LX5 ni gramu 271 hivi, na lenzi yake hutokeza hata ikizimwa. S95 huanzia milimita 28 (namba ikiwa ndogo, lenzi huona upana zaidi) na kuvuta hadi 105. LX5 huanzia 24 na kuishia 90. LX5 ina mahali pa kuchomekea flashi ya nje, S95 haina. S95 hujifunika lenzi yenyewe, LX5 ina kifuniko cha kutoa kwa mkono. LX5 hukaa na chaji karibu mara mbili ya mwenzake.

Mengine yote unayosoma kwenye matangazo ya wauzaji ni madogo. Mambo haya machache ndiyo yanayoamua, na kila moja nimelieleza mahali pake hapa chini.

Megapikseli 10 si kidogo? Simu yangu ina 50.

Picha ya kamera hizi ina nukta 3648 kwa 2736. Ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata karatasi ya sentimita 31 kwa 23, yaani A4 inajaa na kubaki. Picha kubwa ya ukutani sebuleni huitazami ukiwa umegusisha pua, kwa hiyo hata A3 inapendeza. Sijawahi kupata mama wa bi harusi aliyelalamikia megapikseli. Hulalamika kwamba amekatwa kilemba.

Basi simu haitoshi?

Kwa mengi inatosha, na nisiwadanganye: simu mpya ya bei kubwa, usiku, kwenye kitu kilichotulia, itazishinda zote mbili. Simu huunganisha picha kadhaa kuwa moja na kusafisha giza kwa hesabu. Kamera hizi hazisafishi giza namna hiyo, na kihisi chake, kile kipande kinachopokea mwanga, ni cha milimita 7 na ushee kwa 5 na nusu, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Sababu yangu mimi ni nyingine. Kwenye sherehe nyingi za kupamba bi harusi ninazoitwa, simu hazitakiwi ndani. Wanawake wamevua buibui, wamejipamba, na hakuna anayetaka picha yake ikaamkia kwenye kundi la WhatsApp la watu asiowajua. Kamera isiyo na intaneti huingia bila ugomvi. Nikimaliza natoa kadi na kuiweka mkononi mwa mama wa bi harusi, yeye mwenyewe ndiye anayejua itafunguliwa wapi na mbele ya nani. Watu huuliza "haina wifi?" kama aibu ya kamera. Kwenye kazi yangu, ndiyo sifa inayonipatia kazi.

Mbali na hilo: flashi yake ni flashi ya kweli, si taa, huvuta kwa lenzi, si kwa kukata picha, na hakuna anayekupigia simu katikati.

Nimeona S90, LX3 na Leica D-Lux 5. Nazo je?

S90 ni ya 2009, ina lenzi ileile ya S95, lakini gurudumu lake la nyuma huzunguka ovyo hata kwa kuguswa. Kwenye S95 walilirekebisha likawa linagota kila hatua. LX3 ni ya 2008 na huishia milimita 60, fupi mno kwa uso wa mtu. D-Lux 5 ni pacha wa LX5 kwa ndani, ila ina nembo nyekundu, na nembo hiyo ina bei yake. Ukiipata kwa bei ya LX5, chukua kabla muuzaji hajajua.

## Lenzi, vichochoro na mwanga

Tofauti ya 24 na 28 ni milimita nne tu. Kweli inaonekana?

Uwanjani haionekani. Lamu inaonekana kila siku, maana hapa ukitaka kurudi nyuma mgongo unagota ukuta wa jirani.

Chukua mfano wa mlango wa kuchongwa kwenye kichochoro ambapo huwezi kusimama zaidi ya mita 2 kutoka mlangoni. Ukishika kamera wima, S95 itaingiza kimo cha kama mita 2.5. LX5 itaingiza karibu mita 2.9. Hizo sentimita 40 ndiyo tofauti ya kupata taji lote la mlango pamoja na maandishi yake, au kulikata ukabaki na mbao mbili na komeo. Mimi na S95 nilikuwa nikichuchumaa na kuinua kamera juu, milango ikawa inaegemea nyuma kama jahazi lililopwewa.

Ukiwa mtu wa kupiga ndani ya nyumba za zamani, ukumbi mrefu mwembamba wenye zidaka mwisho wake, ni hadithi hiyohiyo. Kwa mtu wa Malindi anayepiga magofu ya Gedi au nguzo ya Vasco da Gama, nafasi ya kurudi nyuma ipo, na hoja hii inapungua uzito.

LX5 pia ina swichi juu ya lenzi ya kubadilisha umbo la picha: 4:3, 3:2, 16:9 na mraba. Ukiipeleka 16:9 haikati tu juu na chini, inaongeza kidogo pembeni. Kwa ukumbi mrefu ni raha. Angalia tu isisukumwe ikiwa mfukoni. Nimewahi kupiga harusi nusu nzima kwa mraba bila kujua.

Kwa mashindano ya mashua ipi inavuta zaidi?

S95, 105 dhidi ya 90. Lakini ukisimama pwani na mashua ziko nje upande wa Manda, zote mbili zitakupa tanga dogo kama ukucha. Panda mashua ya watazamaji.

Zote ni f/2.0, kwa hiyo usiku ni sawasawa?

Ni sawa mwanzoni tu, kabla hujavuta. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga mwingi unaingia. Ukivuta hadi mwisho, S95 hujibana mpaka f/4.9, LX5 hubaki f/3.3. Ukipiga hesabu, LX5 inapitisha mwanga zaidi ya mara mbili.

Kwa vitendo: bi harusi amekaa, taa ni zile za rangi zilizokodiwa, nataka uso na hina ya mkono bila kumsogelea nikaziba watu. Na LX5 naweka ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) 400. Na S95 ili nipate kasi ileile ya kunasa lazima nipande mpaka kama 800 na zaidi kidogo, na hapo mashavu yanaanza kuwa na chengachenga. Mimi kwa kamera zote mbili sipendi kupita ISO 800. 1600 ni ya shida, na namba zilizo juu yake ni za kuandikwa kwenye boksi.

Njia ya mwenye S95 ni kutovuta. Baki 28, sogea kwa miguu, utakuwa na f/2.0 yako. Ila ukikaribia uso sana kwa 28, pua inakua, na hapo utalaumiwa wewe, si lenzi.

Flashi zake zikoje?

Ya S95 huinuka yenyewe kwa mota, tena mahali uleule unapoweka kidole cha kushoto. Usiizuie kwa kidole. Sukumasukuma ya namna hiyo ndiyo inayoiharibu. Ya LX5 huinuka ukisukuma kitufe tu, kwa hiyo haikuaibishi mahali pasipotakiwa mwanga.

LX5 inapokea flashi ya nje juu yake, na hapo kuna siri ya nyumba zetu. Watu wa kwingine hufundishwa kuelekeza flashi darini ili mwanga urudi laini. Dari ya boriti haikurudishii kitu: boriti nyeusi humeza mwanga na kilichobaki hurudi na rangi ya kahawia. Geuza flashi kwenye ukuta wa chokaa ulio pembeni. Ukuta mweupe wa Lamu ni mwavuli bora kuliko ule wa studio, na mwanga unatoka ubavuni kama wa dirisha.

Adhuhuri sioni kitu kwenye skrini.

Wala mimi. Skrini zote mbili ni za inchi 3 na ubora mmoja. LX5 iliundiwa kitundu cha kielektroniki cha kuchungulia kinachochomekwa juu, LVF1, lakini ni adimu, na nilichokiona mimi mara moja kilikuwa kidogo na chenye chenga. Vuta mtandio ufunike kichwa na kamera pamoja. Wanaume watumie kofia.

Nikielekeza kwenye jua, mstari wa zambarau unashuka kwenye skrini. Imekufa?

Hapana. Vihisi vya CCD, na hizi zote ni CCD, hufanya hivyo mwanga mkali ukiingia. Mstari huonekana kwenye skrini na kwenye video, lakini si kwenye picha ya kawaida. Ukiuona hata kwenye picha, au ukiuona bila jua, hilo ni jambo lingine: tazama swali la kukagua.

## Mfukoni, mchanga na chumvi

Ipi inaingia mfukoni?

S95 inaingia mfuko wa kanzu na wa jinzi, unene wake ni sentimita 3 tu. LX5 ina unene wa zaidi ya sentimita 4 kwa sababu ya lenzi, inahitaji mkoba au kamba shingoni. Buibui na kikoi havina mfuko, kwa hiyo kwa wengi wetu swali linabaki ni mkoba mdogo au mkoba wa kawaida.

Kifuniko cha LX5 ukikisahau kamera itawaka na kukuomba ukitoe. Hapo umeshapoteza sekunde tatu, na mtoto aliyekuwa akicheka ameshaingia ndani.

Naishi Shela. Mchanga utaziua?

Utaua yoyote yenye lenzi inayotoka na kurudi, ukiiachia. Yangu ya kwanza kabisa, si mojawapo ya hizi, ilikufa kwa namna hiyo. Ilikuwa mwezi wa Julai, kusi imekaza, nimekwenda Shela kupiga picha familia ya shangazi. Sikuiangusha. Niliitoa mkobani, nikapiga, nikairudisha, nikaitoa tena. Mchanga wa pale ni laini kama unga, unaruka kimo cha magoti na kuingia kila penye uwazi. Mara ya nne nilipoizima nikasikia kr, kr, kr, lenzi ikarudi nusu na kusimama imepinda. Fundi aliyeifungua alinionyesha chembe tatu kwenye gia ya plastiki, tatu tu. Gia ilikuwa imepoteza meno mawili.

Tangu siku hiyo nina kanuni zangu za pwani. Kamera hukaa kwenye mfuko wa nailoni wenye zipu, na mfuko huo peke yake, si pamoja na taulo wala viatu. Nikiiwasha naiacha iwake. Lenzi kutoka na kuingia mara nyingi ndiko kunakovuta mchanga ndani. Kabla ya kuzima napuliza kuzunguka lenzi kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa mdomo, maana mdomo una mate. Na nikisikia mkwaruzo wowote siwashi na kuzima tena "kujaribu". Nazima mara moja, natoa betri hata kama lenzi iko nje, kamera inaangalia chini, na kupuliza.

Hapa LX5 ina nafuu kwa anayejua. Mbele yake kuna pete inayofunguka, unafunga mrija, na juu ya mrija unaweka kioo cha kichujio. Lenzi hucheza ndani ya mrija na upepo hauigusi. Inakuwa nene kama kopo la maziwa, lakini kwa Shela ndivyo nitakavyokwenda. S95 haina njia hiyo. Vumbi lake huzuiliwa na vipande viwili vyembamba vya kufumba lenzi, na vyenyewe vikiingia mchanga hukwama nusu jicho.

Na unyevu?

Kuvu ndiyo adui wa kimyakimya. Lenzi iliyofungiwa kwenye mfuko wa ngozi, ndani ya kabati, masika nzima, hutoka na nyuzi kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani. Kuvu ikikaa sana hula ile rangi ya kioo na hata ikisafishwa alama inabaki. Weka kamera kwenye mkebe wa plastiki unaofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja kwenye viatu. Itumie. Kamera inayotoka juani kila wiki si rahisi kupata kuvu.

Ukitoka kwenye chumba cha eyakondishen kwenda nje, iache ndani ya mkoba dakika kama ishirini kabla ya kuitoa, la sivyo kioo kitajaa umande.

Nataka kupiga samaki, hifadhi ya bahari ya Malindi.

Zenyewe hazistahimili maji, hata matone ya chumvi ni hatari. Canon iliwahi kutengeneza ganda la plastiki kwa ajili ya S95 linalohimili mita 40, na likitokea mtumbani ni sababu nzuri ya kuchagua S95. Lakini mpira wake wa kuzuia maji unazeeka. Kwanza zamisha ganda tupu, na karatasi ya chooni ndani, kwenye ndoo, likandamizie jiwe, uliache nusu saa. Karatasi ikitoka kavu, endelea.

## Betri, kadi na kuhamisha picha

Betri inakaa muda gani?

Kwa kipimo cha watengenezaji, S95 hupiga picha kama 200 na LX5 kama 400. Hiyo ni betri mpya. Uliyopewa na muuzaji huenda imezeeka, gawa kwa mbili kichwani. Kwenye harusi nilikuwa naingia na betri tatu za S95, na moja na akiba ya LX5.

S95 hutumia NB-6L, ambayo iliwekwa kwenye Canon nyingine nyingi, kwa hiyo kuipata ni rahisi na bandia zake ni nyingi vilevile. LX5 hutumia BCJ13, si ya kawaida sana, lakini LX7 nayo inatumia hiyohiyo. Betri iliyovimba usiiingize: itaingia, haitatoka.

Kadi gani?

SD ya kawaida. Chukua ya GB 16 au 32, ya jina linalojulikana. Picha ya kawaida ni MB 3 au 4, ya RAW hupita 10, kwa hiyo GB 16 ni maelfu ya picha za kawaida. Ifomati ndani ya kamera, si kwenye simu wala kompyuta.

Nitazipelekaje kwenye simu bila wifi?

Kisoma kadi kidogo kinachoingia kwenye tundu la chaji la simu. Madukani kipo na si ghali. Ikiwa simu haikioni, ingia kwenye mipangilio uruhusu OTG, yaani simu kusoma kifaa kilichochomekwa.

Video ikoje?

Zote huishia 720, na ya simu yako ni nzuri zaidi. Ukilazimika: S95 haivuti kwa lenzi ukiwa unarekodi, LX5 inavuta. Kwenye LX5 chagua faili za Motion JPEG badala ya za AVCHD Lite, maana mafaili ya AVCHD hujificha ndani ya folda na simu nyingi huyakataa.

## Kununua

Nimeishika mkononi, muuzaji ananiangalia. Nikague nini?

Usianze na sura. Mikwaruzo ya mwili haipigi picha. Mimi huenda hivi, na muuzaji anayeharakisha namrudishia kamera yake.

Fungua mlango wa betri kwanza. Chumvi ya kijani au nyeupe kwenye vyuma maana yake imeonja bahari, na hapo sina la kuzungumza. Kisha washa na uzime mara kumi ukiwa umeiweka sikioni. Sauti iwe moja, laini, isiyobadilika. Vuta lenzi hadi mwisho na kurudi, polepole, kisha haraka. Itikise kidogo ikiwa imezimwa: mlio mdogo ndani ya lenzi unaweza kuwa ni kile kifaa cha kutuliza mtetemo, hilo ni kawaida kwa kamera nyingi, lakini kitu kinachogonga kama punje ya mchele si kawaida.

Sasa weka f/8, elekeza ukuta mweupe au anga isiyo na wingu, piga, kisha ikuze picha kwenye skrini. Madoa ya kijivu yasiyohama ni vumbi juu ya kihisi, na kwenye kamera hizi huwezi kulifuta mwenyewe, lazima ifunguliwe. Doa moja pembeni nastahimili. Funika lenzi kabisa kwa kitambaa, piga sekunde chache: nukta moja mbili zenye rangi ni uzee, mstari mzima ni ugonjwa. Halafu mulika lenzi kwa tochi ya simu kwa pembeni, utafute zile nyuzi za kuvu.

Mwisho, vidude vya kila moja. S95: zungusha pete ya mbele na gurudumu la nyuma, namba zisiruke, flashi iinuke na kushuka mara tano. LX5: sukuma ile swichi ya umbo la picha sehemu zote nne, na ile ya kulenga iliyo ubavuni mwa lenzi, zikilegea hubadilika zenyewe. Kifuniko kipo? Chaja ipo? Zote hazichaji kwa waya wa simu, betri hutolewa ikawekwa kwenye chaja yake, na chaja ya kuitafuta peke yake hukusumbua.

Ukikuta saa imerudi mwanzo na inauliza tarehe, usiogope. Imekaa muda mrefu bila betri tu.

Muuzaji yuko Nairobi au Mombasa. Nifanyeje?

Kama una mtu huko, mtume na ukurasa huu. Kama huna, omba video moja isiyokatwa: anaandika jina lako na tarehe kwenye karatasi, anawasha kamera, anavuta lenzi, anapiga picha ya hiyo karatasi, anakuonyesha. Kisha akutumie picha yenyewe ya ukuta mweupe, ile faili halisi, si picha ya skrini, tena kwa njia ya dokumenti ili WhatsApp isiibane.

Niliwahi kutuma M-Pesa yote mapema kwa mtu mwenye maneno matamu. Kifurushi kilikuja kwa basi mpaka Mokowe, kikavushwa kwa boti, nikakifungua palepale gatini: betri imevimba na mlango wake umefungwa kwa gundi. Namba yake haikupatikana tena. Siku hizi natuma nauli ya kifurushi kwanza, na nyingine nikishakagua, au sinunui. Mwambie pia aifunge ndani ya nailoni na kisha nguo, maana mkoba wa chini ya basi ya Lamu huwa na dagaa jirani.

Bei ya haki ni ipi?

Zikiwa mpya Marekani, S95 ilikuwa kama dola 400 na LX5 kama dola 500. Mtumba wake ulishuka sana, kisha vijana wakazipenda tena kamera za namna hii na bei ikapanda. Siandiki namba kwa sababu ikifika wiki ijayo itakuwa uongo. Linganisha wauzaji watatu, na toa bei ya betri mpya na kadi kwenye kila dau, maana utazinunua tu.

Anasema imepiga picha chache.

Namba ya faili kama IMG_0412 hurejeshwa mwanzo kwa urahisi. Amini sikio lako na ukuta mweupe.

Lenzi imekwama, anauza nusu bei. Nichukue ya spea?

Kama tayari unayo nyingine ya aina hiyohiyo na fundi unayemwamini, ndiyo. Kama ni ya kwanza kwako, utalipa nusu bei, kisha nusu ya pili, kisha nauli.

## Maswali ya pembeni

Wakati wa Maulidi naweza kuipiga bila kusumbua watu?

Zima sauti zote kwenye menyu, zima ile taa ndogo ya kusaidia kulenga, na flashi ifungwe. Zote mbili hubaki na mlio hafifu tu. Lakini kimya cha kamera si ruhusa. Uliza kwanza, hasa upande wa akina mama na wazee, na ukiambiwa hapana, weka mkobani.

Mwanangu wa kidato cha pili anataka kujifunza.

LX5, kama itakuwa inatoka nyumbani na kurudi. Ina swichi na vitufe vya nje vinavyomlazimisha kuelewa anachofanya. Kama atakwenda nayo ufuoni na wenzake, S95 ya bei ya chini, na usiulize ilikufaje.

Zote mbili ziko mezani, nzima, bei moja. Nichukue ipi?

Ukipiga ndani ya nyumba, vichochoroni na usiku: LX5. Ukitaka iwe nawe ukienda sokoni, kwenye boti, shambani: S95. Ikiwa moja ina kasoro yoyote katika zile za kukagua, chukua ile nyingine, hata kama si uliyoipenda. Kamera ya miaka hii hainunuliwi kwa modeli, hununuliwa kwa hali yake.

Na wewe ulibaki na ipi?

LX5. S95 nilimpa mdogo wangu, yeye yuko kwenye mashua na kutwa inakaa mfukoni mwake. Ana picha ya mama akisuka ukili dakani, ameinua kichwa anacheka, jua la saa kumi limempata shavu moja. Nilikuwa nimekaa naye palepale. Yangu ilikuwa na kifuniko.